UZI: Lupasi ikifika kwenye figo. Mkojo, biopsi, dawa na makosa yanayoua vichujio

Chekecheke (mwanzisha uzi)

Wadau, kwenye mijadala ya lupasi viungo na upele wa mashavuni huchukua kurasa nzima, figo zikaachiwa sentensi moja. Uzi huu ni wa figo peke yake. Wenye ujuzi wa maabara, dawa na uzazi naomba mjazie, na nikikosea nikosoeni.

Kwanza, kinachotokea ndani. Mwenye lupasi hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu vya mwili wake mwenyewe, hasa vilivyomo kwenye kiini cha seli, DNA ikiwamo. Kingamwili hizo hushikana na shabaha yake, na mashada hayo hunasa kwenye glomeruli, vile vichujio vidogo ambavyo kila figo ina kama milioni moja. Yakishanasa huamsha komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, na kuita chembe nyeupe za damu. Kichujio kikivimba huvujisha protini na damu kwenye mkojo. Uvimbe ukidumu kinageuka kovu, na kovu halirudi kuwa kichujio. Matibabu yote ni mbio za kuuzima uvimbe kabla haujawa kovu.

Kati ya watu wazima 10 wenye lupasi, kama 4 hupata uvimbe huu wa figo, wengi ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Kwa watoto hutokea zaidi na huwa mkali zaidi.

Shida ni kwamba figo haziumi. Anayesubiri kiuno kiume ndipo apime anasubiri dalili isiyokuja. Dalili zenyewe ni mkojo wenye povu lisiloisha, kope kuvimba asubuhi, vifundo vya miguu kujaa jioni, kuamka usiku kukojoa, na presha kupanda kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Zikishaonekana, ugonjwa mara nyingi una wiki au miezi. Ndiyo maana mwenye lupasi apimwe mkojo na kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huitoa) kila baada ya miezi 3 hivi hata akijisikia mzima kabisa. Lupasi ikiwa imechachamaa, mara nyingi zaidi.

---

MaabaraMoja

Nianzie kwenye kikopo, maana majibu mengi ya ajabu yanazaliwa hapo.

Mkojo mzuri ni wa kwanza wa asubuhi. Achia kidogo chooni, kisha kinga wa katikati. Ufike maabara ndani ya saa 2, vinginevyo chembe nyekundu zinaanza kupasuka na ile mirija ya chembe (chembe zilizoshikana kwa umbo la vijia vya figo) inayeyuka, halafu jibu linatoka "safi" kumbe ushahidi umepotea njiani. Mwanamke aliye kwenye hedhi asubiri iishe, la sivyo damu na protini vitaonekana bila figo kuhusika. Homa na mazoezi mazito ya siku iliyotangulia navyo hupandisha protini kwa muda.

Kijiti cha kuchovya ni mlinzi wa getini tu. Kinapima ukali wa protini kwenye mkojo uliopo, hakijui umekojoa kiasi gani kwa siku. Aliyekunywa maji mengi anaweza kupata "+" moja ilhali anapoteza gramu nzima, na aliyekaukiwa akapata "++" bila tatizo kubwa. Kijiti kikionyesha chochote, omba uwiano wa protini kwa kreatinini ya mkojo.

Angalia vipimio kabla ya kushtuka au kufurahi. Maabara moja huandika mg/g, nyingine mg/mmol. Ukizidisha mg/mmol kwa 8.84 unapata mg/g. Kwa hiyo 57 mg/mmol ni kama 500 mg/g, na hiyo 500 ndiyo mstari ambao daktari anaanza kufikiria biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Nimeona watu wakilinganisha 60 ya maabara moja na 530 ya nyingine wakadhani ugonjwa umeruka mara tisa. Ni kitu kilekile.

Mkojo wa saa 24 bado una kazi yake, hasa matibabu yanapoanza, ila ukusanywe sawasawa. Ukiamka saa 1 asubuhi, mkojo huo wa kwanza utupe na uandike muda. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, hata unapokwenda haja kubwa, mpaka saa 1 ya kesho yake, na mkojo wa saa hiyo uutie ndani. Chombo kikae mahali pa baridi. Kosa kubwa ni kuutia ule wa kwanza, au kusahau mmoja wa mchana. Maabara ipime pia kreatinini ya chombo hicho: mtu yuleyule akileta 1,100 mg safari hii na 600 mg safari ijayo, safari ya pili hakukusanya wote, na protini "iliyoshuka" haikushuka.

La mwisho. Lupasi ya figo hutoa chembe nyeupe kwenye mkojo bila bakteria wowote. Mtu anaambiwa ana maambukizi, anapewa antibiotiki, mkojo haubadiliki, anapewa nyingine. Chembe nyeupe zipo, naitraiti (alama ya bakteria) hakuna, kuotesha hakuna kilichoota: acheni antibiotiki, tazameni protini na damu. Na fundi atazame kwa hadubini. Akiona mirija ya chembe nyekundu, au chembe nyekundu zilizopinda na kuota vinundu, damu hiyo imetoka kwenye glomeruli, haikutoka kwenye kibofu.

---

Swali_Fupi

Asante wakuu. Kreatinini ikiwa ndani ya kiwango, bado kuna haja ya kutobolewa figo?

---

Chekecheke

Ndiyo, mkuu, na hapo ndipo wengi wanapoponyokwa na muda.

Kreatinini ya damu ni kipimo mvivu. Vichujio vinavyobaki hufanya kazi ya vilivyokufa, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo ndipo namba itoke nje ya kiwango cha kawaida. Kwa mtu mwembamba asiye na misuli ni mbaya zaidi: 1.0 mg/dL inaandikwa "kawaida", lakini kama miezi 6 iliyopita alikuwa 0.6, ameshaporomoka. Linganisha namba na namba zake mwenyewe. Na kama majibu ya zamani yako kwa µmol/L, gawanya kwa 88.4 upate mg/dL.

Sababu ya biopsi ni kwamba mkojo unasema figo inavuja, lakini hausemi inavuja kwa namna gani. Madaraja ni sita, kwa mfumo wa mwaka 2003 uliorekebishwa 2018. La I na la II ni mabadiliko madogo ya sehemu ya katikati ya kichujio, na mara nyingi hayahitaji dawa nzito kwa ajili ya figo. La III ni uvimbe kwenye chini ya nusu ya glomeruli. La IV, nusu au zaidi. La V, mashada yamekaa upande wa nje wa utando wa kichujio, na protini inamwagika kwa wingi. La VI, asilimia 90 au zaidi zimeshakuwa makovu, na kumwagia dawa za kushusha kinga hapo ni kumpa mgonjwa madhara bila faida. III au IV inaweza kuja pamoja na V.

Watu wawili wenye protini ya mkojo ya gramu 1.5 kwa siku wanaweza kuwa mmoja daraja la II, mwingine la IV. Dawa zao ni mbingu na ardhi.

Ripoti ikija, usiishie kwenye namba ya daraja. Tafuta alama za ukali, 0 hadi 24, na alama za makovu, 0 hadi 12. Ukali mkubwa na makovu machache maana yake kuna cha kuokoa, na haraka. Makovu mengi, ukali mdogo, maana yake dawa zitafika mahali zikome kusaidia na kazi inakuwa kulinda kilichobaki. Angalia pia idadi ya glomeruli zilizopatikana. Zikiwa pungufu ya 10, soma ripoti kwa tahadhari.

---

Sindano16

Niongeze upande wa kitandani.

Kabla: damu ipimwe wingi, chembe sahani na muda wa kuganda. Asprini na dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa mpango wa daktari anayejua ni kwa nini zilianzishwa, kwa sababu mwenye kingamwili za fosfolipidi akiachwa bila kinga anaweza kuganda damu. Presha ishushwe kwanza, lengo ni chini ya 140/90. Presha ya juu siku ya biopsi ndiyo njia fupi ya kutokwa damu.

Wakati wenyewe: mgonjwa analala kifudifudi, ultrasaundi inaonyesha ncha ya chini ya figo, mara nyingi ya kushoto, ganzi inachomwa, kisha sindano ya geji 16 au 18 inachukua vipande viwili hivi vyembamba kama uzi wa kushonea. Ataambiwa abane pumzi sekunde chache ili figo isitembee. Asikohoe hapo.

Baada: kulala chali saa 6 hivi, presha na mapigo ya moyo vikipimwa kila mara, na kila mkojo utazamwe rangi. Wekundu hafifu unaoisha haraka huvumilika. Mkojo wenye mabonge, kushindwa kukojoa, maumivu yanayozidi ubavuni au kizunguzungu: aitwe daktari palepale. Vitu vizito asinyanyue kwa wiki moja au mbili.

---

mfamasia_wazamu

Zamu yangu. Nitaongelea daraja la III na la IV, maana huko ndiko mzigo mzito uliko.

Haidroksiklorokwini ni ya wote, daraja lolote, isipokuwa aliye na sababu ya kukatazwa. Dozi isizidi mg 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji mg 300, na vidonge vingi ni vya mg 200, kwa hiyo anakunywa kimoja leo, viwili kesho. Figo zikiwa zimeshuka sana, uchujaji chini ya mL 30 kwa dakika, dozi ipunguzwe angalau robo. Macho yapimwe mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu kwa sababu dawa hulundikana. Watu huiacha hii kwanza wakijisikia nafuu, kwa kuwa haionekani kufanya kitu. Ndiyo inayozuia ugonjwa kulipuka upya.

Steroidi huanza kwa methilprednisoloni ya mshipa, mg 250 hadi 500 kwa siku, siku 1 hadi 3, kisha vidonge vya prednisoloni, kwa dozi ndogo kuliko za zamani, vinavyopunguzwa hatua kwa hatua.

Pamoja nazo, dawa moja ya kushusha kinga. Maikofenoleti: lengo ni gramu 2 hadi 3 kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Usianze na dozi nzima, tumbo litakataa. Mg 500 asubuhi na jioni wiki ya kwanza, kisha ongeza kila wiki. Kuharisha kukija, punguza, gawanya mara tatu, au badilisha kwenda aina ya asidi ya maikofenoli yenye ganda, ambapo mg 360 ni sawa na mg 500 za ile ya kwanza. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zisimezwe pamoja nayo, zinazuia isifyonzwe.

Au saiklofosfamidi ya mshipa. Mpango mwepesi ni mg 500 kila wiki 2 mara 6, jumla gramu 3. Mpango wa zamani ni gramu 0.5 hadi 1 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila mwezi kwa miezi 6. Huo wa pili unaumiza ovari na korodani zaidi, na umri ukiwa mkubwa hatari inaongezeka. Anayetaka watoto baadaye aseme kabla ya dripu ya kwanza. Siku ya dawa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara, kibofu kisiungue. Faida ya njia hii ni kwamba kila dozi inatolewa mbele ya muuguzi. Kwa anayeshindwa kumeza vidonge vingi kila siku, hilo pekee linaweza kuamua.

Siku hizi kuna kuongeza dawa ya tatu tangu mwanzo. Belimumabi iliidhinishwa Marekani kwa uvimbe huu wa figo Desemba 2020, voklosporini Januari 2021. Voklosporini na ndugu yake takrolimasi hushusha protini haraka, ila hupandisha presha na si za kumpa mtu ambaye figo zimeshachoka.

Kabla ya yote hayo: vipimo vya homa ya ini B na C, VVU, na kifua kikuu. Aliyeishi palipo na minyoo ya strongiloidi apimwe au atibiwe kwanza kwa ivamektini, kwa sababu steroidi humfungulia mnyoo huyo njia ya kusambaa mwili mzima. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, haziruhusiwi ukishaanza. Na kotrimoksazoli ya kukinga nimonia itolewe kwa uangalifu: salfa iliyomo huwapa baadhi ya wenye lupasi mzio au kuuchokoza ugonjwa.

---

Bingwa wa Zamani

Mfamasia, prednisoloni tulifundishwa mg 1 kwa kilo. Hizo dozi ndogo mnazipata wapi? Figo inaungua, mnailetea kijiko cha maji.

---

mfamasia_wazamu

Mzee wangu, shikamoo. Mwongozo wa KDIGO (shirika la kimataifa la miongozo ya figo) wa 2024 bado unaruhusu kuanzia 0.35 hadi 1.0 mg kwa kilo, kwa hiyo hujakosea. Kilichobadilika ni kwamba dripu ya mwanzo imebeba kazi ya kuzima, na vidonge havihitaji kukaa juu muda mrefu. Wengi sasa wanaanza na mg 0.5 kwa kilo, isizidi mg 40, na kufika mg 5 au chini yake kabla ya miezi 6. Kinachoharibu nyonga, mifupa, sukari na macho ni jumla ya steroidi iliyomezwa kwa miaka. Ila mwenye kreatinini inayopanda wiki kwa wiki, au hilali nyingi kwenye biopsi (chembe zilizorundikana ndani ya kichujio kwa umbo la mwezi mwandamo), huyo nakubali: aanze juu.

---

Bingwa wa Zamani

Marahaba. Hapo kwenye hilali tumeelewana. Nami niongeze: asiikate ghafla. Aliyetumia zaidi ya wiki 3, tezi zake za juu ya figo zimelala. Akiacha kwa siku moja anaweza kuanguka presha na sukari, kisha watu waseme ni lupasi imempanda.

Na mmesahau dawa za kushusha protini. Enalaprili, losatani na wenzao hupunguza msukumo ndani ya glomeruli hata kwa asiye na presha. Pima kreatinini na potasiamu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 kisha ikatulia, usiiondoe. Ikizidi hapo, au potasiamu ikipanda, ndipo utafute sababu. Presha ilengwe 130/80 au chini. Chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa hesabu ya vyakula vyote, maana chumvi ikizidi dawa hizi zinapigana na mlima. Diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya viungo: hapana. Wengi wanazimeza kwa ajili ya magoti huku figo zinalipia.

---

Mkunga_Mwenzenu

Upande wa uzazi ni mfupi lakini hauna msamaha. Maikofenoleti huharibu mimba, kwa hiyo kwanza kipimo cha mimba, kisha uzazi wa mpango wa uhakika. Vidonge vyenye estrojeni visitumike uvimbe wa figo ukiwa hai, au kama kuna kingamwili za fosfolipidi, kwa sababu ya damu kuganda. Kitanzi au kipandikizi ni salama zaidi.

Anayetaka mimba angoje ugonjwa utulie angalau miezi 6. Maikofenoleti iachwe angalau wiki 6 kabla, ahamie azathioprini isiyozidi mg 2 kwa kilo, na aangaliwe kama figo zinabaki zimetulia *kwa dawa hiyo mpya* kabla ya kujaribu. Anayetumia alopurinoli ya gauti aseme: pamoja na azathioprini huweza kuangusha uboho. Haidroksiklorokwini inaendelea mimba nzima. Asprini ya dozi ndogo ianze kabla ya wiki ya 16. Enalaprili na losatani zisimame mara kipimo cha mimba kinapokuwa chanya.

Presha na protini zikipanda mjamzito akiwa na wiki 30, ni kifafa cha mimba kinanyemelea au ni lupasi? Komplementi C3 na C4 kwa kawaida hupanda kwenye mimba. Zikiwa zinashuka, kingamwili za DNA zinapanda, na mkojo una mirija ya chembe nyekundu, elekea kwenye lupasi. Vimeng'enya vya ini vikipanda na chembe sahani zikishuka wakati komplementi imetulia, elekea kwenye kifafa cha mimba. Na presha na protini zikipanda kabla ya wiki 20, karibu kila mara ni lupasi ya figo. Yote mawili kwa pamoja yanawezekana pia, samahani.

---

Swali_Fupi

Miezi 3 ya maikofenoleti, protini imetoka gramu 4 hadi 2.8. Dawa imeshindwa?

---

Chekecheke

Hapana. Kipimo kinachotumika ni hiki: kushuka angalau robo kwa miezi 3, nusu kwa miezi 6, na kufika chini ya gramu 0.5 hadi 0.7 kwa miezi 12, kreatinini ikiwa imetulia. Kutoka 4 hadi 2.8 ni asilimia 30. Yupo njiani. Aliyeanza na protini nyingi sana anaweza kuhitaji miezi 6 hadi 12 zaidi.

Isiposhuka, usirukie dawa nyingine kabla ya kupitia haya. Je, vidonge vinamezwa kweli, na kwa dozi gani? Hili ndilo jibu mara nyingi kuliko wanavyokiri, na mtu hatasema ukimuuliza kwa ukali. Kiwango cha haidroksiklorokwini kwenye damu kinaweza kulithibitisha. Je, dozi ilifika gramu 2, au ilisimama kwenye moja kwa sababu ya tumbo? Je, presha na chumvi vimedhibitiwa? Je, protini inatoka kwenye uvimbe hai au kwenye kovu? Hapo C3, kingamwili za DNA na chembe nyekundu za mkojo husaidia, lakini mara nyingine ni biopsi ya pili tu itakayoamua. Na protini ikiruka ghafla, na ubavu ukauma, kwa mtu wa daraja la V mwenye albumini (protini ya damu) ya chini, tafuta damu iliyoganda kwenye mshipa wa figo.

Mkojo ukisafika, dawa haziishi. Jumla ya tiba, pamoja na kipindi cha mwanzo, si chini ya miezi 36.

---

Swali_Fupi

La mwisho kabisa: akiharisha na kutapika siku mbili, anaendelea na dawa zote?

---

mfamasia_wazamu

Enalaprili au losatani, na vidonge vya kukojoza, asimamishe siku hiyohiyo. Mwili uliokauka pamoja na dawa hizo unaweza kuizima figo ndani ya siku chache. Azirudishe akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48, kisha kreatinini ipimwe.

Prednisoloni haisimamishwi. Kama inatapikwa, aende hospitali akapewe steroidi ya sindano siku hiyohiyo. Maikofenoleti ampigie anayemtibu, kwa sababu kuharisha kunaweza kuwa kumetoka kwenye dawa yenyewe, au kwenye maambukizi ambayo yanahitaji kinga ipumzishwe kidogo. Homa ikiwepo juu ya hayo, asisubiri kesho.